Mikebe Iliyorudi Ikinuka Moshi

Nakumbuka mchana mmoja wa baridi, mwanangu, kwenye shamba la mzungu huko juu ya Molo, maziwa yetu yaliporudishwa kutoka kiwandani na mikebe yake. Yananuka moshi, wakasema. Uliponiambia kazini kwenu mmebandikiwa taratibu mpya za ubora na hakuna anayeziamini, siku hiyo ilinirudia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na kila karatasi ya mzungu tuliiona kama ya kutuchunguza. Basi bwana alipobandika amri kwamba mikebe ioshwe kwa maji moto na magadi, nilishuku. Labda anataka maziwa yaharibike apate sababu ya kutufukuza! Hakutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza. Nyumbani mama alisafisha kibuyu kwa mkaa na moshi, maziwa yakakaa siku nyingi. Kwa hiyo alasiri moja, wenzangu wakikamua, niliifukiza mikebe kwa siri. Nilijiona mjanja kweli.

Maziwa yaliporudishwa, bwana alimwita Mzee Kirui, msimamizi wa uoshaji. Akamwambia ikitokea tena, yeye na watoto wake watahama shamba, waache nyumba na mahindi yao. Nikanyamaza. Tukaanza kutazamana vibaya, na mimi, naona haya kusema, nikamsingizia mkamuaji mgeni.

Jioni Mzee Kirui alinisimamisha njiani.

"Wewe kijana, shati yako inanuka moshi, na wewe hupiki."

Sikukana. "Ni mimi, mzee. Ile amri ni ya kututega."

"Kama ni mtego, si ungeuliza? Mimi niliuliza. Huko kiwandani wanachanganya maziwa ya mashamba yote. Moshi wa mkebe mmoja unaharibu tangi nzima."

"Na mbona hukutuambia?"

Aligeuka, akatazama upande wa kuoshea mikebe. "Hapo nimekosa," akasema.

Asubuhi aliwaeleza wote sababu, nami nikakiri mbele yao na mbele ya bwana, nikamwomba msamaha yule mgeni. Mzee Kirui alibaki na nyumba yake. Mimi nilifukuzwa, na nilistahili. Nikapata kazi shamba jingine upande wa Elmenteita, ambako mikebe ilioshwa kwa maji baridi. Nikawaonyesha wakamuaji wa huko kuosha kwa maji moto na magadi. Mmoja akanikazia macho, akauliza nimetumwa na nani. Nilimweleza habari za tangi hadi akacheka, na kesho yake ndiye aliyechemsha maji.

Kwa hiyo, mwanangu, shuku tu, mimi hadi leo nashuku. Lakini ulizia shaka yako mbele ya watu, usiifanyie kazi kisirisiri, maana atakayeumia huenda si wewe. Na ukijua sababu, usikae nayo peke yako. Mungu akupe pua kali, na mdomo usioogopa kuuliza wala kukiri.