Nilichokisema Bugomora

Nina mapengo mawili kwenye ufizi wa chini, moja kila upande, pale wenzangu wanapokuwa na chonge. Sikupigana na mtu wala sikuanguka. Nilipokuwa na miezi mitano hivi nilishikwa na homa na kuharisha, na fizi zikavimba. Mama akanipeleka kwa mwanamke mmoja wa upande wa Bweranyange, naye akayachimbua meno hayo kabla hayajaota, kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Nyumbani tunauita ugonjwa huo ebiino. Kwa Kiswahili watu husema meno ya plastiki. Hakuna plastiki, na ugonjwa huo haupo. Yale ni meno ya mtoto mwenyewe, meupe na laini kwa sababu hayajakomaa.

Nimetembea na mapengo hayo. Nimechimba dhahabu Kahama, nimepakia samaki Mwanza, nimeuza vitenge Mutukula, nimeendesha malori mpaka mgongo ukapinda kama kiti. Kila nilipofika nilianza kuikumbuka harufu ya kahawa inayoanikwa uani kwetu Nyaishozi. Nikifika Nyaishozi, siku ya tatu tu nyayo zinaanza kuniwasha. Mara ya mwisho nilirudi nikiwa nimevuka arobaini, nina cheti cha kidato cha nne na leseni, nikapata kazi ya kumwendesha daktari wa watoto.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Angeweza kukaa kwenye hospitali kubwa mjini akaletewa wagonjwa. Yeye aliwafuata. Siku nne za wiki tulikuwa barabarani, Karagwe na Kyerwa, kwenye migomba na kwenye nyika za wafugaji, na mizani ya kitambaa ya kupimia watoto ikining'inia nyuma ya kiti changu. Alikuwa na namna yake ya kuingia kwenye mji wa mtu. Hakuuliza nani anaumwa. Alisalimia, akaketi kwenye mkeka, akatafuna punje za kahawa alizokaribishwa, akaomba kumpakata mtoto. Huku akizungumza habari za maharage na mvua, jicho lake lilikuwa kwenye kifua cha mtoto, anahesabu pumzi. Wenye nyumba hawakujua kwamba uchunguzi umeshaanza.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa Bugomora. Mji tulioingia ulikuwa na bibi, mkwe wake, na mtoto wa kike wa miezi sita. Baba wa mtoto alikuwa machungani na ng'ombe. Mtoto alikuwa anaharisha, ana joto, anauma kila anachoshika. Daktari aliingia ndani na mkwe. Nilimsikia kupitia dirishani akisema taratibu, "Gusa hapa mwenyewe. Unasikia kigumu? Hilo ni jino lake la kawaida, linakuja. Kuharisha kunatoka kwenye maji. Mtu yeyote asiguse fizi hizi. Tumeelewana, mama?"

Mkwe akaitikia. Lakini mkwe hakuwa mwenye neno katika mji ule. Mwenye neno alikuwa nje na mimi, kaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Cheka tena, dereva."

"Nicheke nini?"

"Ulivyocheka na kuku nimeona milango iko wazi. Mkeo alikupiga?"

Nikacheka kweli. "Sina mke, bibi. Hizi ni ebiino. Nilitolewa nikiwa mchanga."

"Toba! Hata dereva wa daktari?"

"Hata mimi. Na nipo. Niletee mfupa uone nitakavyoufanya."

Bibi alipiga makofi, akaniongezea kahawa. "Mzee mzima huna hata haya. Mdomo kama zizi lililobomoka!" Nilifurahi. Kwa mtu anayezunguka, kutaniwa na bibi wa nyumbani kwa lafudhi ya nyumbani ni kama kufunguliwa mlango. Nilikaa pale natafuna, jua liko vizuri, na ndani daktari anaeleza namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Tulikuwa tunafundisha mambo mawili kwenye mji mmoja kwa wakati mmoja, na ni mimi peke yangu niliyeyasikia yote mawili.

Siku ya nne asubuhi mhudumu wa afya wa kijiji kile alimpigia daktari simu. Mtoto hanyonyi. Ametoka damu mdomoni tangu jana.

Tuliondoka saa ile ile. Daktari alikaa na kibegi chake mapajani, saa yake ya mkononi imegeuziwa upande wa kiganja. Nilipozima gari pale uani hakuna aliyetoka kutulaki. Kanga mbili zilikuwa kwenye kamba, zimefuliwa, na bado zilikuwa na madoa ya kahawia yaliyokataa kutoka. Kuku walikuwa wanadonoa kwenye kikapu cha kahawa kilichosahauliwa chini.

Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi. Walikuwa wamemziba fizi kwa majani yaliyopondwa. Daktari aliyatoa kidogo kidogo kwa pamba iliyolowa, na chini yake palikuwa na mashimo mawili. Alivuta chini kope la mtoto kwa kidole gumba. Pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi.

"Nani aliamua?" akauliza, bila ukali.

Mkwe alimtazama bibi. Bibi akaninyooshea kidole mimi niliyesimama mlangoni.

"Wewe ulikataza. Lakini dereva wako alitolewa, na yupo. Kaniambia mwenyewe."

Daktari aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinitazama kama anavyotazama mtoto anapohesabu pumzi, kisha akasema, "Fungua mlango wa nyuma. Tunaenda hospitali."

Bibi na mkwe walikaa nyuma na mtoto, daktari katikati yao. Barabara ilikuwa na makorongo ya mvua za juzi, na kila nilipopunguza mwendo nilimsikia daktari akihesabu, na kila nilipoongeza nilimsikia mtoto akikoroma. Kazini daktari aliniita dereva siku zote. Pale kwenye mteremko, gari lilipoteleza kuelekea mtaroni, alinitaja kwa jina langu la nyumbani, lile lililo kwenye leseni. "Taratibu," akasema, na jina langu likafuata.

Kule Kahama na Mwanza jina hilo lilikuwa jina tu. Kwetu ni jina analopewa pacha, na mtu akilisikia huuliza swali moja.

"Kumbe wewe ni pacha," bibi akasema nyuma yangu. "Mwenzako yuko wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia maisha yangu yote. Nadhani ndilo lililokuwa linaniwasha nyayo kila nilipofika nyumbani. Nilishika usukani kwa mikono miwili.

"Alikuwa dada yangu," nikasema. "Tulipelekwa siku moja, bibi. Spoki ilikuwa moja. Mimi damu ilikata. Yeye haikukata. Alikaa siku tatu."

Bibi alimfunika mtoto vizuri kwa kanga.

"Na wewe hukuniambia."

"Sikukuambia."

Bibi hakunitazama tena mpaka tulipofika. Nilimwona kwenye kioo amekishika kisigino cha mtoto kwa vidole viwili, hakiachi.

Hospitali walipata damu ya kundi lake, chupa moja. Daktari alisimama pembeni ya kitanda mpaka tone la mwisho likaingia. Mtoto alibaki wodini kwa majuma mawili, usaha ukatoka, homa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Alipona.

Tukiwa njiani kurudi daktari alisema, "Waliokufa siwezi kuwaleta kliniki wakasimulia. Wewe naweza kukuleta. Utasimulia yote, siyo nusu."

Nikakubali, tukapanga nianzie Bugomora. Nilidhani ndiyo adhabu yangu, na kwamba ikiisha nitakuwa huru kuondoka.

Miezi mitatu baadaye tulirudi Bugomora, kliniki ya chini ya banda, siku ya mizani na chanjo. Wanawake walikuwa wengi. Bibi alikuja na mjukuu wake, kanenepa, ana gauni la njano, anamchekea kila mtu. Wanawake walimpokea mkono kwa mkono. Mmoja alimfunua mdomo wa chini kwa kidole, akayaona makovu, akamwonyesha jirani yake.

"Huyu naye alitolewa," akasema. "Na yupo. Mnamwona alivyo?"

Walivutana kumwona. Maneno yale yalikuwa yangu, sasa yalikuwa yanatembea bila mimi, na yalikuwa yamepata shahidi mwingine, mzuri kuliko mimi. Tulikuwa tumemwokoa mtoto, na mtoto anatupinga kwa kucheka tu.

Bibi alimchukua mjukuu wake kwa nguvu. "Funikeni midomo yenu," akasema. "Muulizeni dereva, pacha wake yuko wapi."

Wakanigeukia. Nilisimama mbele yao, mtu mzima, nikafungua mdomo waone mapengo, kisha nikaanza na dada yangu. Sikuwahi kumsimulia mbele ya watu. Sikuwa hata na sura yake, nilikuwa na siku zake tatu tu kama mama alivyoniambia. Wengine waliinama. Mmoja alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilipomaliza, daktari hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama benchi la nyuma, karibu na nguzo. Asubuhi nilimwona pale msichana mmoja na mtoto mchanga mgongoni, mwenye joto, anauma pindo la kanga ya mama yake. Kadi yake ilikuwa bado mezani, haijaandikwa. Benchi lilikuwa tupu.

"Ameondoka saa ngapi?" daktari akauliza.

"Pale mlipokuwa mnamwangalia huyu wa bibi," mtu akajibu. "Kasema ameshaona. Kashuka na njia ya bondeni."

Bondeni ndiko anakoishi mwanamke wa pale Bugomora anayechimbua meno kwa spoki.

Daktari alichukua kibegi chake. "Washa gari," akasema.