Redio ya Kampuni ya Saa

Fundi wa saa hagusi redio, na fundi wa redio hagusi saa. Kanuni hiyo Jumbe aliitunga mwenyewe siku alipomgawia mdogo wake Aqil nusu ya kibanda chake cha Majengo, Pumwani, na kwa miaka mingi iliwaweka kwa amani. Jumbe alikaa kulia, lenzi jichoni. Aqil kushoto, moshi wa risasi ya kulehemu ukimpanda puani. Chai walikunywa pamoja.

Aliyeivunja ni Jumbe.

Siku hiyo Wacuka, mwalimu wa chekechea, alileta redio ya marehemu baba yake, ya zamani, yenye saa ya mishale usoni. Aqil alikuwa ameenda soko la Gikomba kutafuta vipuri. Jumbe akaitengeneza saa. Angeishia hapo. Lakini jina lililoandikwa chini ya mishale lilikuwa la kampuni ya saa, ile ile iliyounda saa aliyovaa mkononi. Enzi zile kampuni kadhaa za saa ziliunda na redio. Fahari ikamwingia. Akafungua na upande wa redio. Bisibisi ikateleza, waya mwembamba wa antena ukakatika.

Aqil akarudi akamkuta hivyo.

"Kaka, hiyo si kazi yangu?"

"Soma jina. Hawa ni watu wa saa."

Muuza chai wa mlango wa pili, jina lake Mgeni, akaangua kicheko. "Basi mimi nikimimina chai kwa kikombe cha Mchina, nishakuwa Mchina!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Jumbe, badala ya kusema amekosea, akatafuta pa kuumiza. "Hicho kiti unachokalia, Aqil, nilikupa mimi."

Aqil akakusanya vifaa vyake, akahamia Kariobangi. Kiti alikiacha.

Mwaka ukapita redio ikiwa rafuni, saa yake ikienda, yenyewe bubu. Mwezi uliopita Wacuka aliishiwa na subira. "Mzee Jumbe, kama huwezi, si umpelekee anayeweza? Yule ni ndugu yako, si hakimu."

Jumbe akaifunga kwa gazeti, akaenda Kariobangi. Njia nzima alikariri neno moja: nilikosea. Hata alipofika mlangoni pa karakana ya mdogo wake, midomo yake ilikuwa bado inalisema.

"Karibu, mteja," Aqil alisema. Hakumwita kaka.

Jumbe akalifungua gazeti. "Ni ile redio. Unaijua, ya kampuni ya saa."

Aqil alimtazama kitambo, kama anayengoja zaidi. Akainama, akaunganisha waya, na sauti ya msomaji wa habari ikajaa chumbani. Akaifunga tena kwa gazeti lile lile.

"Saa imechelewa kidogo," alisema. "Sikuigusa. Si kazi yangu."

Jumbe angeweza kulisema neno lile hata hapo, mguu ukiwa kizingitini. Alishukuru tu, akatoka.

Wacuka aliichukua redio yake akicheka kwa furaha. Mgeni hadi leo, siku nyingine, hubeba vikombe viwili vya chai hadi kibandani kwa Jumbe kwa mazoea, kisha hukumbuka na kurudi na kimoja. Kanuni ilikuwa njema, na aliyeivunja alipewa nafasi ya kukiri. Hakukiri. Kwa kuunyima ulimi neno moja, Jumbe hana ndugu.