Abiria Mwaminifu wa Boti ya Kisian

Ukitafuta abiria mwaminifu wa boti Kisumu yote, mimi ndiye namba moja.

Nimepanda mara moja.

Na mara hiyo moja tulikwama ziwani tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuteremka. Mji tunauona pale. Honi za bodaboda tunazisikia. Wa kututoa hakuna.

Ngoja niwape tangu mwanzo, mcheke vizuri.

Binti yangu Bridget ameolewa na Frankline. Frankline ana boti ya abiria, ndogo, ya paa la turubai, inatoka ufuo wetu upande wa Kisian inaingia mjini. Boti ni yake, lakini injini ni ya Karanja, muuza mabati wa mjini. Sasa Karanja alikuwa amechoka. Alisema atakuja kupanda mwenyewe asubuhi moja, aone kama kweli kuna watu wanaokwenda kazini kwa maji. Akikuta viti vitupu, anang'oa injini yake.

Boti bila injini ni nini? Ni pahali pa kuku kutagia.

Na ukweli ni kwamba viti vilikuwa vitupu. Watu wa huku ziwa wanalijua, lakini kwao ni la samaki. Kwenda ofisini kwa boti wanaona kama kwenda kanisani na kaptula.

Bridget akaja kwangu analia. Nikamwambia, nyathina, nyamaza mtoto wangu, mimi nitapanda.

Akaniangalia kama nimerogwa. "Mama, na Frankline je?"

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu Wajaluo mimi ni maro wake, mama mkwe. Mwanaume hamtazami maro wake usoni. Hampi mkono. Hali chakula mbele yake, na maro hali mbele ya mkwe. Akiniona njiani, Frankline anaingia kichakani mpaka nipite. Uso wa huyo kijana naujua zaidi kwa picha za simu.

Nikasema nitakaa mbele kabisa nimejifunika leso, yeye atakuwa nyuma kwa injini. Mwendo wenyewe mfupi. Nani atajua?

Siku ikafika, boti ikajaa. Bwana mmoja wa suti na begi, akina mama na vikapu, vijana na vitabu. Frankline akamwambia Karanja, huku ameangalia maji, kwamba yule mama wa leso ni mteja wa kila siku.

Karanja akaja akakaa karibu nami. Mtu mzuri, ila maswali mengi. Nikammwagia sifa. Nikamwambia tangu hii boti ianze, magoti yangu yamepona. Barabarani unameza vumbi, huku unameza hewa. Hata presha imeshuka, daktari ameshangaa. Wenzangu wakawa wanaitikia ndiyo, ndiyo, kama kwaya.

Mmoja tu hakuitikia. Anaitwa Nelima, msichana anayefanya usafi katika hospitali fulani mjini. Yeye alikuwa ananuna. Boti imechelewa kuondoka, kiti kimelowa, na nani hawa wamekaa kwa nafasi yake?

Kisha magugu maji yakaja.

Upepo uligeuka, yakaja kama shamba lililokatika likaamua kutembea. Mbele kijani, nyuma kijani. Propela ikameza mizizi, ikakohoa, ikanyamaza. Ndege fulani akatua juu ya majani, akatembea mpaka karibu yetu, akatuangalia vile mwenye shamba huangalia mbuzi wa jirani.

Kuogelea huwezi, mizizi itakufunga miguu. Kutembea huwezi, utazama. Unakaa tu.

Jua likapanda. Frankline akaona heri ajaribu kusukuma boti kwa mti mrefu akiwa mbele. Mbele ndipo nilipo mimi.

Yawa. Yule kijana alivua kofia, akajifunika nayo uso, akaja kinyumenyume, makalio yametangulia, anakanyaga watu vidole. Mimi nikageukia ziwa, leso mpaka kidevuni. Karanja akauliza kama nahodha ameshikwa na kizunguzungu.

"Ni jua," nikamwambia.

Saa ya chakula Karanja akatoa mkate aliokuwa nao kwa mfuko, akagawa. Njaa ilikuwa inanikata, lakini Frankline alikuwa pale pale, karibu anikanyage leso. Nikasema nimefunga, ni mambo ya maombi. Karanja akampelekea Frankline. Frankline naye akasema amefunga.

Karanja akabaki na mkate mkononi. Akaangalia uso ulio ndani ya kofia. Akaangalia uso ulio ndani ya leso.

"Mama," akasema polepole, "bibi yangu ni wa Nyakach, Mjaluo kama wewe. Mama yake akitutembelea, mimi hula jikoni nimesimama kama mwizi. Huyu ni mkwe wako."

Kwaya yangu yote ikageukia maji.

Nilitaka kukimbia. Nyumbani ningesingizia sufuria inaungua. Huku ningesingizia nini, na niende wapi?

"Injini naing'oa kesho," Karanja akasema. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Frankline akakaa chini kama gunia. Mimi nikamwona Bridget, na watoto wake, na chombo kitupu kimelala ufuoni.

"Ung'oe, halafu mimi nifike kazini na nini?" Alikuwa Nelima.

Karanja akamgeukia. "Wewe si umelalamika tangu asubuhi?"

"Na kesho nitalalamika. Kiti ni maji, nahodha ni muongo, na supavaisa wangu amepiga simu mpaka amechoka. Lakini kwa barabara naamka kukiwa giza, nameza moshi kwa foleni. Hii ikitoka saa yake, nafika na hata chai nakunywa. Itoke saa yake tu, Mzee. Wenzangu wote wa zamu ya asubuhi walijaribu, wakaacha, juu huyu husubiri viti vijae kama mtu wa matatu."

Karanja akacheka mpaka boti ikatikisika. Akamwambia Frankline injini inabaki, ila boti iondoke saa yake hata kama ndani kuna Nelima peke yake. "Abiria ni huyu anayetutukana," akasema. "Hao wengine wamekuja kutembea."

Baadaye wavuvi wakatukatia njia kwa panga, wakatuvuta mpaka gatini.

Kwa hivyo wanangu mnaosoma hapa, mshike hili: ukitaka kudanganya mtu, mdanganye mahali penye mlango. Na kwa biashara yako, msikilize anayenung'unika. Anayesifu pengine ni mama mkwe.

Mimi mwenyewe somo lilichelewa kuniingia. Karanja alinishika mkono nishuke, akaniuliza kama mle ndani kuna mtu mwingine wa familia. Nikamwambia hakuna, ni mimi tu, hao wote ni wafanyakazi wa mjini.

Ndipo bwana wa suti, Cliff, mtoto wa dada yangu, akaita kutoka nyuma:

"Shemeji Frankline, ile kuku Bridget alituahidi sisi wote wa boma, tunaila kwako ama kwa Mama hapa?"

Karanja akauachilia mkono wangu, pole pole.