Dawati la Nyuma

Mwaka ule nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi Madale, na Jumamosi nasomea shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu kuchelewa shuleni asubuhi. Niliandika kwa kujiamini kwamba kigeu huru, yaani kile kinachosababisha, ni kuchelewa. Na kigeu tegemezi, kile kinachobadilika kwa sababu yake, ni alama za mtihani. Watoto wanachelewa, kwa hiyo wanafeli. Nani angebisha?

Kwenye kikao cha wazazi nilitaka mfano. Kulikuwa na binti aliyechelewa karibu kila siku, na alama zake ndizo zilizokuwa za mwisho. Nikamsimamisha mama yake mbele ya wote.

"Utafiti wangu ndio huu hapa," nikasema. Wazazi wakacheka. Yule mama alisimama, pochi kaikumbatia kifuani, mpaka nilipomwambia akae.

Kesho yake alikuja ofisini na mfuko wa madaftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Jana sikutaka kukujibu mbele za watu. Naomba uangalie tarehe."

Nikaangalia. Januari na Februari, vema tupu. Machi hesabu zikaanza kuharibika kwa namna ya ajabu: njia sahihi, lakini tatu ya ubaoni kaiandika nane. Nikafungua daftari la mahudhurio. Machi yote hakuchelewa hata siku moja. Kuchelewa kulianza Mei.

"Haoni ubaoni," mama akasema. "Mie mwenyewe nimejua juzi. Anaona aibu kuitwa mzembe, ndiyo maana asubuhi anavuta miguu."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Alikuambia. Ukamwambia aache visingizio. Alipoanza kuchelewa, ukamhamishia dawati la nyuma."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata sauti niliyoitumia siku ile. Nikainamia yale madaftari, nikashindwa kumtazama.

Binti alipimwa macho, akapata miwani, nikamrudisha mbele. Nilimwita ofisini nikamwomba radhi, tukiwa wawili tu. "Sawa, madam," akajibu, akauliza kama anaweza kwenda mapumziko.

Msimamizi wangu wa chuo aliniambia kwa upole kwamba nimegeuza chanzo kuwa matokeo na matokeo kuwa chanzo. Watu wengi hukosea hapo, niandike upya. Habari ya dawati sikumwambia.

Kikao kilichofuata mama alikuwepo, safu ya tatu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi mbele ya wote. Nikasimama, nikazungumzia uji wa watoto, nikakaa.

Binti alifaulu darasa la saba. Mama yake tunakutana gengeni mara kwa mara. Ananisalimia vizuri, anauliza hali ya nyumbani. Mie nanunua nyanya haraka haraka, hata chenji mara nyingine nasahau.