Mlima wa Dada

Habari za kifo chake zilinifikia Ijumaa asubuhi nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Bani Malik, nasubiri maji ya chai yachemke. Simu ililia, na mwenzetu mmoja wa mtaa wa Kandara akasema tu, "Yule Mchina wetu ametuacha." Sikuhitaji kuuliza ni nani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba hapa Jeddah Mkenya hupewa jina la utani kabla hajapewa ufunguo wa chumba, na jina hilo humfuata hadi uwanja wa ndege. Huyu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, mama wa makamo, mfupi, mwenye kicheko cha kujificha nyuma ya leso, na hakuwa na chembe ya Uchina. Aliugua homa kwa siku chache, waajiri wake wakampeleka hospitali, hakurudi. Nimeandika kumbukumbu nyingi katika safu hii, na kusema kweli baadhi yake niliziandika kwa kujisikia kidogo. Hii naiandika nikiwa na haya, na mtaona sababu yake.

Jina la Mchina lilitokana na kisa cha Riyadh, alikofanya kazi kabla waajiri wake hawajahamia huku. Nyumba ile ilikuwa na watoto wawili, mvulana na dada yake mdogo, na shule yao ya kulipia ilikuwa imeanza kufundisha Kichina. Wakapewa shairi fupi la kukariri mbele ya wazazi: mlima, ukungu unaoshuka, korongo mmoja anayevuka mto, basi. Mwalimu alituma sauti yake kwa simu pamoja na maelezo ya Kiarabu. Madam hakukijua Kichina, baba wa nyumba vilevile, na binti mwenyewe alikuwa mkimya wa ajabu, akiona wageni anajificha nyuma ya pazia. Kazi ikaangukia jikoni. Mwenzetu naye Kichina hakukijua hata cha kuombea maji, lakini kwao alikuwa amefundisha watoto shule ya Jumapili miaka mingi, na kumkaririsha mtoto mstari kwake kulikuwa kama kusonga ugali. Alikata maboksi ya tishu, akachora zile herufi kwa kalamu nene akiiga kitabu cha watoto, akazibandika. Ya mlima aliiweka kwenye friji, akiwaambia inafanana na uma uliosimama, na ya mto juu ya bomba la maji. Mtoto akitaka maji ya baridi sharti asome friji kwanza. Walisikiliza sauti ya mwalimu pamoja, wakaiga pamoja, mikono ikipanda kuwa mlima na kushuka kuwa ukungu, mpaka yule mtoto wa nyuma ya pazia akawa anakariri huku akipanda ngazi.

Sasa, kwetu mtoto hasimami tu akaanza shairi. Anapanga miguu, anainamisha kichwa, anasalimu, anajitaja, ndipo anakariri. Kila aliyepita shule ya msingi Kenya anaujua utaratibu huo, na wengine tunauota hadi leo. Mwenzetu aliwafundisha hivyo hivyo bila kufikiri, kwa sababu kwake salamu ilikuwa sehemu ya shairi. Watoto nao wakadhani yote ni Kichina. Siku ilipofika, binti akapanda jukwaani mbele ya ukumbi mzima wa Riyadh, akainama, akasema kwa sauti kubwa, "Hamjambo nyote? Nimesimama mbele yenu bila hofu wala woga!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kina mama wakaulizana hiyo ni lugha gani, na mmoja akajibu kwamba ni ya watumishi. Mtoto aliendelea na Kichina chake hadi mwisho bila kukosea, ila hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Ndani ya gari madam hakusema mengi. "Halas. Kiswahili mafi. Wewe jikoni tu." Yaani basi, Kiswahili hakuna tena. Jioni ile zile herufi zikabanduliwa kwenye friji.

Alitusimulia haya Ijumaa moja ya mapumziko, kwenye chumba cha Kandara tunachokutania. "Aki nilitaka ardhi inimeze," alisema, leso usoni. "Madam hakuniangalia mpaka tukafika nyumbani. Na mimi ndiye nilimwambia huyo mtoto asiogope watu." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na jina la Mchina likazaliwa hapo hapo. Alipoona tumetulia akateremsha leso. "Lakini ni zuri, jamani. Ngojeni niwakaririe, ni fupi." Chapati zilikuwa ndiyo zinaingia, moto, zinafuka. "Kula kwanza, Mchina, zitapoa," mmoja wetu akamwambia, na sote tukaona amesema la maana. Akala. Hakulitaja tena shairi lile, na hakuna aliyemkumbusha.

Kabla mwili haujasafirishwa tulikutana katika chumba hicho hicho kumuaga. Mapazia yalifungwa, nyimbo za kanisani tukaziimba chini kwa chini, kama tunavyofanya siku zote tukiwa nchi ya watu isiyoruhusu kanisa. Mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi, niliachiwa wasifu wa marehemu. Msomaji, sikuketi kuuandika. Nilikuwa na wasifu kwenye simu, wa dereva mmoja wa mtaa wa Karantina tuliyemuaga mwaka uliopita, nikaona utafaa. Kiswahili hakitenganishi mume na mke kwenye vitenzi, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi: nikabadilisha jina, mahali pa kuzaliwa nikakisia Machakos, mengine nikayaacha. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu. Nikasoma kwa ile sauti ya msibani mnayoijua, mpaka nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukitamka, "dereva makini ambaye hakuwahi kugonga gari la mwajiri wake." Mama wa watu hakuwahi kushika usukani maishani. Nikainua macho nikitarajia mtu anikatize, anizomee, afanye lolote. Wote walikuwa wametazama sakafu. Mzee mmoja akasema, "Amina." Nami, Mungu anisamehe, nikaendelea kusoma.

Tangu siku hiyo nimejiuliza ni vipi chumba kizima cha watu waliokula naye kingeweza kuliitikia jambo kama lile. Nadhani ni kwa sababu ughaibuni tunaulizana mambo matatu: kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, ni nani, ikama yako, kile kibali cha kuishi, inaisha lini, na je, madam ana roho nzuri. Ukishajibu hayo umejulikana, umemalizika. Tunalalamika kwamba waajiri wanatuona mikono tu, ya kuosha na kuendesha, nasi tukikutana Ijumaa tunaendelea kuonana mikono. Anayelima bustani ni Mlimaji, anayelinda geti ni Askari, na aliyechekwa Riyadh ni Mchina. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hawakutuambia aibu ya waombolezaji huijua nani.

Siku ile ya kumuaga, nilikuwa bado nimeshika simu mkononi mlango ulipogongwa. Mmoja wetu alichungulia kwanza kando ya pazia, maana hodi katika vyumba vyetu si kitu cha kupokelewa kwa furaha. Alikuwa baba wa nyumba aliyofanyia kazi marehemu, amekuja kutupa mkono wa pole kama ilivyo desturi ya kwao, na nyuma yake madam na watoto wawili. Akauliza ndugu za marehemu ni nani. Tukatazamana. Kisha tukasema ni sisi, kwa sababu kuna mtu alipaswa kusema hivyo. Madam alikuwa amevimba macho. Alimsukuma binti taratibu mbele yetu, akamwambia, "Yalla, habibti. Sema yote. Kama Dada alivyosema." Walimwita Dada tangu Riyadh, wakidhani ndilo jina lake.

Binti akapanga miguu, akainamisha kichwa. "Hamjambo nyote? Nimesimama mbele yenu bila hofu wala woga." Kisha kikaja Kichina, chembamba, kikipanda na kushuka, na mikono ikipanda na kushuka nacho: mlima, ukungu, korongo, mto. Nilikuwa sijawahi kulisikia. Lilikuwa fupi kweli, fupi kuliko chapati moja. Alipomaliza, kaka yake akampigia makofi ya kilo peke yake, yale makofi ya darasani kwetu, hadi la mwisho, kwa kuwa Dada alikuwa amewaambia shairi halijaisha mpaka mtu apigiwe makofi. Baada ya hapo binti akatueleza kwa Kiswahili chake cha jikoni kilichochanganyika na Kiarabu. Mlima huo, alisema, uko nyuma ya nyumba ya mama yake Dada, Taita. Ukungu ukishuka asubuhi unaingia mpaka jikoni, na mama yake anaufukuza kwa leso. Korongo ni Dada. Mto ni bahari aliyoivuka kuja kwao, na siku moja atauvuka tena kurudi.

Taita. Mimi nilikuwa nimesoma Machakos dakika chache tu zilizopita, kwa sauti ya huzuni.

Binti akatuzungushia macho mmoja mmoja, akisubiri, kama mtu aliyemaliza zamu yake na sasa ni zamu ya wengine. "Na nyinyi," akauliza, "Dada aliwafundisha lipi?" Nimekaa Saudia miaka mingi na nimeaibishwa na makafili, na polisi wa barabarani, na kinywa changu mwenyewe. Sijawahi kuona haya kama niliyoiona mbele ya mtoto huyo. Baba yake akamshika mkono, wakashuka ngazi, nasi tukabaki na sufuria za chai na mapazia yetu yaliyofungwa. Sina hekima kubwa ya kuwaachia leo. Ila mwenzako akikwambia, ngoja nikukaririe kitu, ni kifupi, iache chapati ipoe.