Moto wa Redio ya Theopista

Rajabu bin Salehe alikuwa fundi redio mjini Moshi, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko. Mwaka 1955 alikuwa na miaka arobaini na saba. Kazi hiyo alijifunza jeshini wakati wa vita, katika kikosi cha simu, na kutoka huko alirudi na koleo mbili, mita ya kupimia umeme, na magoti mabovu. Hakuwa msemaji. Uchovu wake ulionekana hasa alipovua miwani: aliivua kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayetua mzigo.

Ubovu aliutafuta kwanza kwa pua na masikio. Alinusa nyuma ya redio, akaiwasha, akafumba macho. Kunguruma kulikuwa na maana yake, na kukwaruza maana yake. Redio inayokohoa, alisema, valvu yake imelegea. Valvu ni zile taa za kioo zilizo ndani. Hiyo aliigonga kidogo kwa kidole, na kikohozi kikakoma. Redio alizizungumzia kama mganga azungumziavyo wagonjwa: hii ina mafua, hii imekauka sauti, hii imekwisha moto.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Jumatatu tarehe 9 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, mama mmoja wa Uru, huko mlimani, aitwaye Theopista aliteremka mjini na redio ya betri kichwani, imefungwa kwa kanga. Mumewe Filemon, mwalimu wa kwaya ya parokia, alikuwa amefariki tarehe 21 Aprili kwa ugonjwa wa kifua. Mwezi wa Februari watu wa redio kutoka Dar es Salaam walipita na gari lao wakainasa sauti ya kwaya ile, Filemon akiwa mbele yake. Sasa barua ilikuwa imefika: wimbo utasikika Jumapili tarehe 15, saa kumi alasiri, mara moja tu. Filemon hakuwahi kupigwa picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hii imenyamaza tangu wiki ya mazishi. Naitaka Jumapili." Akamweleza habari ya barua.

Rajabu alinusa, akapima. Watu wanne walikuwa wakingoja nyuma ya mama huyo, na kichwa kilikuwa kikimgonga kwa saumu.

"Redio yako nzima, mama. Moto tu umekwisha. Ipatie moto, itaimba."

"Moto tu?"

"Moto tu."

Theopista akaifunga tena kwa kanga, akashukuru, akaondoka. Rajabu alidhani anavuka barabara kununua betri mpya dukani, kama walivyofanya watu wote wa mjini. Hakuinua macho kumtazama.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, alikuja Sirili, mdogo wake marehemu Filemon. Alisimama mlangoni, maji ya mvua yakichuruzika kwenye kofia yake.

"Fundi, wewe ni mganga wa redio au mchoma nyama?"

"Kuna nini?"

"Ulimwambia shemeji yangu aipatie moto. Ameipatia. Siku ya tatu leo iko darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu. Jana imeanza kutoa machozi ya nta."

Rajabu akavua miwani.

Huko juu, mwezi wa Mei, ukungu huingia mpaka ndani ya masanduku, na kitu chochote chenye thamani hupandishwa dari la meko kikauke: mahindi, maharage, tumbaku. Theopista alifanya kama afanyavyo kila mtu mwangalifu wa Uru. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kanisani na sokoni, na huko kote hakuwahi kusikia moto mwingine zaidi ya ule wa kuni na ule wa jehanamu.

"Niliposema moto nilikuwa na maana ya betri," alisema Rajabu.

"Betri ni betri, fundi. Neno hilo hata sisi wa mlimani tunalo."

Rajabu akavaa tena miwani. "Ilete kesho."

"Haiji. Shemeji amesema aliyeitia motoni aje mwenyewe kuitoa."

Rajabu aliujua ugonjwa kabla ya kuuona. Ndani ya redio zile mlikuwa na kondensa, vibomba vidogo vya karatasi vilivyozibwa kwa nta. Nta ikiyeyuka, umeme huvuja na sauti hupotea. Jumamosi alipekua makopo yake yote. Kondensa hakuwa nazo, na za kuagiza Nairobi zilichukua wiki tatu. Alasiri ile akaishusha redio ya nyumbani kwake, akaifungua, akakata kondensa zake tatu. Mkewe Mwantum alimkuta hapo.

"Ndiyo nini sasa? Tusikilize ukuta?"

"Wiki tatu tu."

"Wiki tatu, na wewe huzungumzi! Si bora ungenizika?"

Jumapili akanunua betri mpya, kubwa kama tofali, akaitia kikapuni pamoja na vyombo vyake, akaanza kupanda saa mbili asubuhi. Manyunyu hayakukatika. Udongo mwekundu ulimshika miguu, na kila baada ya shamba moja la kahawa aliegemea kitu akapumzisha magoti. Kumeza hata tone la maji hakuweza, ingawa mifereji iliimba kila upande. Sirili alimngojea mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la marehemu. Akachuma jani la sale kwenye ua, akalifunga fundo, akampa.

"Mpe hili kwanza. Ukiombwa radhi kwa sale, hukatai. Hata kama ni mtu wa mjini anayeomba."

Theopista alilipokea jani. Alilitazama fundo kwa muda, akalichomeka ukutani juu ya meza ilipokuwa redio.

Rajabu akaifungua. Masizi, harufu ya moshi, nta iliyoganda chini kama mshumaa uliokwisha. Valvu zilikuwa nzima. Akakata kondensa za zamani, kisha akauliza pa kupashia chuma chake cha kulehemu. Hapakuwa na pengine. Akakipeleka kwenye meko yale yale.

"Kumbe moto unatakiwa," alisema Theopista.

Sirili alicheka mpaka akaketi. Rajabu naye alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko alivyofikiri, kwa sababu kila alipolehemu mguu mmoja wa kondensa chuma kilikuwa kimepoa. Waya wa nje wa kunasia mawimbi waliufunga kwenye mti mrefu kuliko yote kihambani. Ilipobaki robo saa aliiwasha. Kimya. Akaizungusha betri, akasugua ncha za waya kwa kisu. Kimya. Majirani walikwisha jaa mlangoni na kati ya migomba. Akainama, akanusa. Akafumba macho. Kisha akavuta waya mmoja mwembamba wa spika uliokuwa umekatika kwa joto, akauunga.

Redio ikanguruma, ikasafika. Mtangazaji alikuwa tayari akilitaja jina la Uru.

Kukawa kimya kidogo. Halafu, kutoka ndani ya redio, kikatoka kikohozi kimoja kifupi na kikavu.

Valvu, aliwaza Rajabu. Kidole chake kilikwisha fika nyuma ya redio kuigonga alipopigwa kofi mkononi.

"Usiguse!" alisema Theopista. "Huyo ni yeye."

Kwaya ikaanza. Filemon hakuwa mwimbaji. Kwa miaka ishirini aliwaanzishia kwa kikohozi hicho, na waimbaji waliokuwa mlangoni walikuwa wamekwisha vuta pumzi kabla hawajatambua wanachofanya. Theopista hakuusikiliza sana wimbo. Aliketi kichwa kimeinama, kiganja mdomoni, hadi mwisho.

"Sasa izime, baba," alisema. "Usije ukaumaliza moto."

Magharibi ilimkuta Rajabu njiani. Alifuturu kwa ndizi mbivu alizofungiwa na Theopista, akanywa maji ya mfereji kwa kiganja. Alipofika nyumbani Mwantum alikuwa ameketi mbele ya redio tupu.

"Hiyo ya Uru imesema nini?"

Rajabu akavua miwani kwa mikono miwili.

"Imekohoa," alisema, akajilaza.