Bamba la Programu

Mashine ya hesabu ilishushwa kutoka kwenye lori na vibarua wa ghala, wakaiweka barazani, na ofisi nzima ikatoka kuitazama. Wakati huo nilikuwa karani wa kutaipu katika shirika lililonunua pareto na mahindi kwa wakulima wa Iringa. Miaka ile ya sabini kompyuta tulizisikia tu. Mashine hii ndiyo iliyokuwa karibu nazo kuliko kitu chochote tulichowahi kukiona, na mimi ndiye niliyepelekwa Dar es Salaam kuisomea.

Kwenda kwenyewe hakukuwa kwepesi. Nilikuwa na mtoto wa kike ambaye alikuwa bado ananyonya. Baba yake alishaoa kwingine, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Nilimwachisha ziwa kabla ya wakati, nikampeleka kijijini Kilolo kwa mama yangu. Mama aliniuliza swali moja tu.

"Ukirudi utakuwa nani?"

"Mwendeshaji wa mashine," nikamwambia. "Nitapata nyumba ya shirika. Nitakuja kumchukua."

Mama alimfunga mtoto mgongoni akaingia naye jikoni. Hakunisindikiza.

Niliporudi kutoka Dar, kijijini ndiko nilikoanzia, kabla hata ya kufika ofisini. Mtoto alikuwa anatembea. Alinitazama akiwa ameshika gauni la bibi yake, na niliponyoosha mikono akalia mpaka akakohoa. Nilimwekea biskuti na viatu juu ya mkeka, nikapanda gari la kurudi mjini. Njiani nilijiambia kwamba haya yatakwisha nikishapata kazi ile na nyumba.

Basi nilipoiona mashine pale barazani, nilifurahi kupita wengine wote. Nilikuwa najua inachotaka. Meneja wetu, mtu mkubwa wa umbo aliyependa kukaa na koti hata ndani, alikuwa ameshaamuru iwekwe juu ya meza yake ya zamani.

"Ndugu Meneja," nikamwambia, "meza hii itatikisika. Ikitikisika, itakosea."

Alinikubalia. Nilimpata fundi seremala wa Mafinga, akatutengenezea meza nzito ya mninga, miguu yake imefungwa kwa mihimili. Umeme wetu ulikuwa unapanda na kushuka, hivyo nikamwomba fundi umeme atafute stabilaiza ya kuutuliza, akaipata kwenye kiwanda kilichokuwa kimefungwa. Nilitafuta riboni za akiba. Karatasi zake, zile pana zenye matundu pembeni, nilizihifadhi kwenye kabati kavu mbali na dirisha. Nilishona na kava ya kitambaa cha marekani, maana vumbi la Iringa mwezi wa tisa halina huruma. Kila jioni nilikuwa naifunika kama mtu anavyofunika unga.

Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kimoja.

Mashine ile peke yake haikujua lolote. Ilihitaji bamba refu la chuma lenye pini nyingi ndogo, lililochomekwa kwa nyuma. Pini hizo ndizo zilizoiambia mahali pa kusimama, mahali pa kujumlisha na mahali pa kuruka mstari. Chuoni tulifundishwa kuliita programu. Ukitaka mishahara, unaweka bamba la mishahara. Ukitaka hesabu za mazao, unalitoa unaweka jingine. Bila bamba, ukibonyeza inanguruma na kukaa kimya. Kwenye kasha letu halikuwemo hata moja.

Nilitoa majani yaliyofungiwa mashine, nikayapekua yote. Meneja alisimama nyuma yangu.

"Sasa huo usomi wako," akasema, "umeshindwa na chuma?"

Watu walicheka. Nami nilicheka nao, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Baada ya kupiga simu makao makuu ikajulikana kwamba mabamba yetu yalikwenda Mbeya. Tawi la Mbeya lilipata mashine kama yetu, na aliyefunga makasha alitia mabamba yote upande mmoja. Meneja alinituma nikayachukue.

Nilipanda basi la asubuhi. Mbeya ilikuwa na baridi, na milima imejifunika. Mhasibu wa pale alinipokea vizuri, akaniagizia chai, kisha akasikiliza shida yangu mpaka mwisho.

"Mabamba yapo, dada," akasema. "Lakini yamepokelewa hapa. Ni mali ya Mbeya."

"Mashine yenu inatumia seti moja tu, ndugu."

"Ndiyo. Hiyo nyingine ni ya akiba."

"Sisi hatuna hata ya kuanzia."

"Naelewa. Meneja wako aandike makao makuu. Makao makuu wakituandikia sisi, tutatoa. Mimi siwezi kutoa mali kwa mdomo."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akinisukumia bakuli la sukari. Sijui kama angenifokea ningeumia kiasi kile.

Mwendeshaji wao alikuwa dada mmoja wa Tukuyu tuliyesoma naye. Aliponiona mlangoni alinisalimia kwa Kinyakyusa, nami nikamjibu kwa Kihehe, kama tulivyozoea kutaniana chuoni. Chumba chake kilikuwa kidogo na kilinuka mafuta ya mashine. Alikuwa katikati ya mishahara ya vibarua. Alinitazama, kisha akainuka.

"Kaa wewe," akasema. "Mimi nakunywa chai."

Nilikaa. Niliingiza karatasi, nikaanza. Mashine ilikimbia kulia, ikasimama yenyewe mahali pake, ikajumlisha, ikarudi. Vidole vyangu vilikumbuka kila kitu. Nilifanya mishahara ya watu nisiowajua, Wasafwa, Wandali na Wasangu kwa majina yao, na kila jumla ilikubali. Mwenzangu alikuwa amesimama na kikombe chake. Katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo kazi pekee ya kweli niliyowahi kuifanya kwa mashine ya aina ile, na ilikuwa kazi ya ofisi ya wengine.

Nilipoinuka alifungua droo. Mabamba ya akiba yalikuwa humo, yamefungwa kwenye karatasi ya nta.

"Lichukue la mishahara," akasema kwa sauti ya chini. "Lifunge kwenye kanga. Hakuna atakayeuliza."

"Na wakiuliza?"

"Nitasema sijui."

Nililishika. Lilikuwa zito kuliko nilivyolikumbuka. Kisha nikalirudisha.

"Wataniita mwizi," nikamwambia. "Na wewe watakufukuza."

"Haya," akasema, akafunga droo. "Lakini hawa watu hawatakukumbuka kwa uaminifu wako."

Nilirudi Iringa mikono mitupu. Meneja aliandika barua, makao makuu wakachelewa, akaandika tena. Miezi ikapita. Mimi niliendelea kutaipu, na kila jioni kuifunika mashine iliyokuwa haifanyi kitu. Matarishi walianza kuweka vikombe juu yake. Nikiviondoa, kesho navikuta tena. Kila nilipokwenda Kilolo mtoto alinitazama kama mgeni, na mimi nilizidi kumwambia mama kwamba bado kidogo.

Hatimaye mabamba yalikuja. Yalikuja kwenye gari la makao makuu, yameshikwa na kijana mmoja mwenye sanduku zuri la ngozi. Meneja aliniita.

"Huyu ndiye mwendeshaji wetu," akasema. "Utamwonyesha mahali vitu vilipo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ndugu Meneja, mimi ndiye niliyesomea."

"Tunajua, na tunakushukuru. Lakini wewe una mtoto mdogo. Mashine haitaki mtu wa kuomba ruhusa kila mara."

"Mtoto yuko kwa mama yangu. Hajawahi kunifanya niombe ruhusa hata siku moja."

"Leo yuko kwa mama yako," akasema. "Kesho je?"

Kijana yule alikuwa anaangalia viatu vyake. Sikumchukia, na mpaka leo simchukii. Nilimwonyesha stabilaiza, kabati la karatasi, riboni. Alikuwa hajui kwamba bamba huingizwa kwa kuinamishwa kidogo, nikamwelekeza na hilo pia. Mashine ilipoanza kukimbia, meneja alipiga makofi. Nilirudi mezani kwangu, chumba cha pili, nikataipu barua za pareto, na kupitia ukutani nilisikia kila iliposimama na kila ilipojumlisha. Nilipomsikia akikosea, nilikaa kimya.

Nyumba ya shirika ilikwenda naye.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kilolo nikamwambia mama nimekuja kumchukua mtoto. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha.

"Umepata nyumba?"

"Sijapata. Nina chumba changu kile kile."

"Na mashine?"

"Wamempa mwingine."

"Kwa hiyo ungeweza kumlea huko huko tangu mwanzo," Mama akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anaelewa tu jambo, na mimi nilikuwa naelewa pamoja naye.

Mtoto alilia kutoka Kilolo hadi mjini, akiita mama, mama. Abiria mmoja aliyekaa nyuma yetu alinigusa bega. "Mbembeleze basi," akasema, "si anakuita?"

Aliyekuwa anaitwa tulikuwa tumemwacha barazani na ungo wake wa maharage.

Aliendelea kumwita bibi yake mama mpaka alipoanza shule, na hata baada ya hapo. Mimi aliniita mama wa mjini. Nilimlea vizuri, nadhani, na amekuwa mtu mzima mwenye adabu anayenitumia salamu kila wiki. Bibi yake alipofariki, mwanangu alianguka kaburini wakamwinua, na nilipomwendea nimshike, alinipisha kwa heshima kabisa, kama mtu anavyompisha shangazi.